Shirika la nje limefunga mradi na kuondoka, wanakijiji wananidai mimi niliyekuwa najitolea. Nifanyeje?

Binti_wa_Ikungi

Habari za humu ndani wadau. Naomba mnisomee mpaka mwisho maana ni ndefu kidogo na huku nilipo sina mtu wa kumuuliza.

Mimi nina miaka 26, nimesoma diploma ya maendeleo ya jamii. Nilipomaliza chuo nikazungusha barua za maombi mwaka mzima hola, nikarudi nyumbani kijijini huku Ikungi, Singida. Ndo likaja shirika moja la kutoka Ulaya, jina silitaji, lina mradi wa maji na vyoo, wakaiomba serikali ya kijiji iwatafutie vijana wanne wa kujitolea wanaojua Kinyaturu na Kiswahili na Kiingereza cha kueleweka. Tukachaguliwa kwenye mkutano, mimi na wavulana watatu. Mmoja alienda machimboni hata miezi mitatu haijaisha, wa pili akapata bodaboda ya mkataba, wa tatu akaitwa JKT, nikabaki peke yangu miaka miwili na nusu.

Kazi zenyewe zilikuwa hivi, kutafsiri kwenye mikutano, kupita kaya kwa kaya kuhesabu vyoo na kuandika nani ana kibuyu chirizi cha kunawia mikono na nani hana, kusimamia klabu ya usafi shuleni, kupokea wageni wakija, na kukusanya mchango wa mfuko wa pampu. Posho ilikuwa 10,000 kwa siku ya kuzunguka, na miezi mitano ya mwisho haikuja kabisa nikaambiwa bajeti imeisha ila tuvumilie tumalize vizuri. Nikavumilia. Sikulalamika kwa sababu nilikuwa naona kitu kinachofanyika. Mama yangu mimi amefukua mchanga korongoni miaka yote, unaamka saa tisa usiku unaenda kuchimba kishimo, unakaa pembeni na kopo unasubiri maji yajichuje, unachota kopo moja unasubiri tena, dumu la lita 20 linakula saa nzima na nyuma yako kuna foleni ya watu na ng'ombe. Pampu ya kwanza ilipotoa maji pale karibu na shule mama alikaa chini akalia. Kwa hiyo naomba mtu asinielewe vibaya, sisemi wale watu hawajafanya kitu.

Sasa shida. Mwezi wa nne mratibu wao akaja na gari, akatushukuru, akanipa cheti chenye picha yangu na fulana mbili, akasema mradi umefungwa rasmi, akaondoka, na baada ya wiki mbili nikasikia ameshapanda ndege karudi kwao. Toka hapo kuna mambo matatu yananinyima usingizi.

La kwanza hela. Kila kaya ilikubaliana kuchangia 5,000 ya matengenezo. Kaya 186 zilitoa, jumla 930,000, na mimi ndiye niliyepita kuchukua, majina yote ninayo kwenye kauntabuku kwa mwandiko wangu. Hela iko benki, haijaliwa hata senti tano, lakini watia saini ni watatu, mimi, mweka hazina wa kamati ya maji na yule mratibu, na ya mratibu lazima iwepo. Mratibu ndo huyo kaondoka. Sasa pampu ya shuleni imeanza kusumbua, asubuhi unapampu weee mpaka mkono unaisha ndo maji yanakuja, na hatuwezi kutoa hata elfu hamsini ya fundi. Watu wanakuja mlangoni kwetu saa kumi na mbili asubuhi wana madumu, wananiuliza binti fulani hela yetu iko wapi.

La pili kisima cha bondeni. Kabla hakijachimbwa kuna bibi mmoja alisimama kwenye mkutano akasema maji ya lile bonde tangu zamani yanachafua meno ya watoto, akamshika mjukuu wake akamfunua mdomo mbele ya wageni, meno yana mabaka ya kahawia. Nikatafsiri neno kwa neno. Wakaandika. Kisima kikachimbwa palepale kwa sababu mtaalamu alisema maji mengi yako pale. Majibu ya maabara yalikuja pampu imeshafungwa, floraidi, yale madini yanayochafua meno yakizidi, iko juu ya kiwango, kikawekwa ubao usinywe. Yule bibi ananisalimia vizuri tu lakini siku moja aliniambia mwanangu nilikwambia, na mimi sikuwa na la kumjibu.

La tatu ndo linaniuma zaidi. Kwenye ile mikutano mzungu alikuwa anaongea Kiingereza, watu hawamsikii. Aliyesema "tutawaletea maji safi na hatutawaacha" kwa Kinyaturu ni mimi. Kwa mdomo wangu, mbele ya wazee walioniona nikizaliwa. Kwa hiyo kwa wanakijiji ile ahadi ni ya kwangu, sio ya shirika.

Naombeni ushauri. Hela tutatoaje? Nina haki yoyote ya kudai ile miezi mitano? Na je niendelee na hii kazi au niache nitafute maisha?

Kidume_cha_Kibaha

Dada pole ila kujitolea ni kujitolea, hukusaini mkataba wa ajira, sasa unadai nini? Kula cheti chako kiweke kwenye CV songa mbele. Hayo mengine waachie mwenyekiti.

Fundi_Pampu_Masasi

Mdogo wangu usimsikilize huyo hapo juu, tena usiache leo wala kesho, nitakuambia kwa nini.

Mimi kazi yangu ni hizi pampu, na nimezikuta nyumbani. Marehemu baba alikuwa mhudumu wa pampu enzi za mradi wa maji wa Wafini, watu wa Finland, huku Mtwara na Lindi, ule ulioanza miaka ya 70. Kijijini kwetu kulikuwa na pampu ya Nira, na spana zake na vipuri vilikaa kwenye boksi la chuma chini ya kitanda cha baba, sisi watoto hairuhusiwi kuligusa. Wafini walikwenda kwao na pampu ikaendelea kutoa maji miaka mingi kwa sababu ya lile boksi, na kwa sababu watu walijua usiku au mchana ukigonga kwa mzee anatoka. Sasa hivi kwenye kijiji chenu boksi ni wewe na kauntabuku lako. Ukiondoka bila kukabidhi, ile hela na ile pampu vyote vinakufa, nimeshuhudia vijiji vingi.

Tuje kwenye pampu. Umesema asubuhi unapampu sana ndo maji yaje. Niambie, mchana watu wakishaanza kuchota mfululizo yanakuja haraka? Kama ndiyo basi valvu ya chini inavuja, usiku maji yaliyo kwenye bomba yanashuka yanarudi kisimani, asubuhi mnaanza kuyapandisha upya toka chini. Hiyo sio pampu mbovu, ni kampira. Kama ni pampu aina ya Afridev (angalia kichwa chake na bomba la ndani, Afridev ina bomba la plastiki) valvu ya chini inavuliwa kwa fimbo zilezile za pampu bila kung'oa bomba, watu wawili wenye spana nusu siku mmemaliza, mnabadilisha bobini za mpira (ndo hako kampira ninakosema) na ile sili ya kombe mnarudisha. Kama ni India Mark II ya kawaida hapo mpaka mabomba yapande juu, ni ya chuma, mazito, tafuteni fundi mwenye vifaa na vijana wenye nguvu, msijaribu wenyewe bomba likawadondokea kisimani. Bushi za mpini nazo ziangalieni, ukitikisa mpini ukicheza kushoto kulia zimekwisha, msisubiri mpaka zianze kula chuma.

Kuhusu kile kisima cha bondeni nakuomba sana. Nilifanya kazi Hanang miaka minne, nayajua hayo maji. Watu watasema tuchemshe. KUCHEMSHA HAKUTOI FLORAIDI, tena maji yakipungua kwenye sufuria floraidi inazidi ukali. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, kaulize chenu kilisoma ngapi, hiyo karatasi ya maabara ni haki ya kijiji. Watoto wadogo mpaka kama miaka minane ndo meno yanajiumba ndani ya fizi, hao wasinywe kabisa wala wasipikiwe uji na maji hayo, na mtu mzima akiyanywa miaka na miaka yanaingia kwenye mifupa. Kufulia, kuogea, kufyatulia tofali, tumieni bila wasiwasi. Mvua ikinyesha mtu mwenye bati akinge maji ya kunywa ya watoto kwanza. Upande wa Arusha kuna kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi muda mrefu ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mwambieni mhandisi wa maji wa wilaya awaulizie, nyie Singida mifupa mnayo.

Na yule bibi nendeni kwake na kamati mkamwambie alikuwa sahihi. Wakati wa kuchagua sehemu ya kuchimba tena awe wa kwanza kuulizwa.

Binti_wa_Ikungi

Shikamoo kaka, asante sana. Ndiyo mchana yanakuja haraka kabisa, nimeenda kuangalia na bomba la ndani ni la plastiki. Kumbe kampira tu na sisi tumeshaanza kusema kisima kimekauka, wengine wakasema kimerogwa. Karatasi ya maabara sina, alibaki nayo mratibu. Nitaiomba.

Wakili_wa_Mtaani

Dada, nijibu swali lako la haki, na nimjibu na bwana wa Kibaha kwa heshima.

Sheria yetu haiangalii jina ulilopewa, inaangalia kazi ilivyokuwa inafanyika. Kuna Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, kinasema mtu anachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo kama kuna moja au zaidi ya mambo haya, kwamba anaelekezwa namna ya kufanya kazi, au saa zake za kazi anapangiwa na mwingine, au kwa walio kwenye taasisi yeye ni sehemu ya taasisi hiyo, au amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu ya mwisho, au anategemea hapo kiuchumi, au anapewa vifaa vya kazi, au anafanyia mtu mmoja tu. Saa 45 kwa mwezi sio nyingi, ni kama siku sita hivi. Jiulize wewe ulizunguka siku ngapi. Ratiba ulikuwa unapangiwa na nani? Simu au tableti ya kuandikia kaya nani alikupa?

Sisemi utashinda, shirika litaleta ile karatasi uliyosaini ya kujitolea na litasema posho ilikuwa nauli. Nasema una hoja, na hoja ina muda wake. Malalamiko ya kuachishwa yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, madai mengine kama malipo ndani ya siku 60, unajaza fomu namba 1. Ukichelewa lazima uombe kwanza kukubaliwa kuchelewa na utoe sababu ya maana. Hesabu siku zako leo hii toka mwezi wa nne. Kusanya meseji za WhatsApp za kupangiwa kazi, picha za daftari la mahudhurio, zile siku ulizosaini posho. Usifute chochote kwenye simu.

Lakini nikushauri kama mdogo wangu, kabla ya CMA andika kwanza barua ya kistaarabu, dai miezi mitano, na omba kitu kingine ambacho kwa umri wako kina thamani kuliko cheti chenye picha, barua rasmi inayoeleza kazi ulizofanya, kwa muda gani, kaya ngapi, fedha kiasi gani ulisimamia bila upotevu. Hiyo ya mwisho ni kubwa sana, watu wenye digrii hawana.

Hela ya benki ni rahisi kuliko unavyodhani. Ile hela ni ya wananchi, sio ya shirika. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unakaa angalau kila miezi mitatu, ombeni agenda iwekwe, wananchi waazimie mratibu atoke kwenye saini aingie mtu wa kamati, muhtasari uandikwe na kugongwa muhuri na mtendaji, orodha ya waliohudhuria na saini zao iambatanishwe. Halafu pateni barua ya shirika ya kukubali mtu wao aondolewe, hata kwa barua pepe yenye kiambatanisho kilichosainiwa. Mwende nayo benki watu watatu. Shirika likikaa kimya pitieni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya, hiyo ofisi ndiyo inayofuatilia mashirika yasiyo ya kiserikali huko wilayani, akiandika yeye watajibu.

Mama_Afya_Kilifi

Mwanangu hujambo. Mie niko Kilifi, Kenya, nimeyasoma maneno yako nikaona kama naandikwa mimi.

Nimekuwa mhudumu wa afya wa jamii toka 2009. Zama hizo tukiitwa wa kujitolea. Shirika likija na neti tunabeba neti, likija na dawa ya kuhara tunabeba dawa, tunapima watoto mkono kwa ule utepe wa rangi, mradi ukiisha tunapewa leso na sabuni na kupigwa picha. Nimeshatembea jua la Machi hadi ndara imekatika nikarudi peku, na watoto wangu nyumbani hawajala. Na watu hawajui kama hulipwi, wao wakiona umevaa fulana ya mradi waona una dola. Jirani alinikopa nikamwambia sina, hakunisemesha mwaka.

Tulichofanya sisi ni kutokaa kila mtu na lake. Tulijiunga, tukaandikishana, tukawa tukienda kwenye vikao vya bajeti tukisema. Mashirika nayo yalisema, na 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kuwa wahudumu wa jamii walipwe kulingana na kazi, sio kutegemea kujitolea. Septemba 2023 serikali yetu ikazindua wahudumu laki moja na zaidi kwa jina jipya, kila mmoja na begi lake la vifaa na simu, na posho shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti. Si pesa za kujenga nyumba, lakini mtu akikuuliza wewe ni nani una jibu, si wa shirika fulani lililokwenda, ni wa hapa.

Nasikia na nyie huko Tanzania 2024 mulianza mpango wenu, wahudumu wawili kila kitongoji, wote wakitimia ni 137,294. Kauliza zahanati yenu uteuzi uko vipi. Wewe kaya zote wazijua, vyoo wavijua, Kinyaturu wasema, watampata wapi mwengine?

Na ile ahadi uliyoisema kwa kilugha chenu, mwanangu, nenda kaiseme tena mkutanoni kwa kilugha hichohicho. Waambie, siku ile nilikuwa nasema maneno ya mgeni, leo nasema yangu. Halafu uwaambie kipi waweza na kipi huwezi. Nilifanya hivyo kwetu 2014 mradi wa neti ulipokufa, nilitetemeka miguu, lakini tangu siku ile nikipita waniita Mama Afya si mama wa mzungu.

mtoto_wa_Butembo

Jambo dada. Niko Butembo, Kivu Kaskazini, Congo, muniwie radhi Kiswahili chetu kiko tofauti kidogo.

Wakati wa Ebola ile iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, mimi nilikuwa volonteri ku Msalaba Mwekundu, ekipe (kikundi) ya mazishi salama na ya heshima. Ilidumu mpaka mwezi wa sita 2020, watu 2,287 walikufa. Sisi ndo tulikuwa tunavaa ile nguo nyeupe, tunapuliza klorini, tunabeba maiti ya mtu tunayemujua. Watu wa nje walikuwa wengi muji mzima, magari mengi, na watu wakaanza kusema hii ni biznesi ya Ebola, na sisi watoto wa pale tulikuwa tunapata makuta (pesa) kidogo ya kila siku basi tukahesabiwa kama ndo wenye biznesi. Tulitupiwaka mawe. Mama yangu mukubwa aliniambia usikuje kwangu umevaa hivo.

Kitu kilichobadilisha ni kidogo sana. Mwanzo tulikuwa tunafika tunavaa nguo tayari kwenye gari, watu wanaona tu macho. Tukasema ku wakubwa hapana, tufike bila kuvaa, tusalimie familia, tuseme majina yetu na ya wazazi wetu, tuulize mukubwa wa familia anataka maombi gani, halafu tuvae mbele yao. Familia ichague mutu mumoja aangalie, na jeneza ionekane. Tangu tulianza hivo mawe yalipunguka. Wale watu wa nje hawakuweza kujua hiyo, si kwa ubaya, hawajui tu kama kwetu mutu hazikwi na mutu asiye na jina.

Basi dada, ile kitu bibi alisema na wewe ukatafsiri wakaandika tu, mara ingine usikubali ibaki ku karatasi. Sisi wa pale tuko na haki ya kusema simama. Mimi nilijifunza kusema hiyo neno katikati ya maiti, wewe unaweza ku mukutano.

Afisa_Mradi_Dom

Niongezee kitu kimoja cha ndani maana nimekaa kwenye hii miradi miaka kumi, Dodoma na Singida.

Dada mradi "kufungwa" kijijini na kufungwa kwenye vitabu vya mfadhili ni vitu viwili. Kijijini gari likiondoka mnaona basi, lakini ofisini bado kuna ripoti ya mwisho, ukaguzi wa hesabu, na kwenye ile ripoti kuna sehemu wanaulizwa jamii itaendeshaje wenyewe. Lazima wajaze. Kwa hiyo barua yako ikifika kabla ripoti haijapelekwa ina uzito wa ajabu, ikifika baada ya hapo inakuwa simulizi. Usimwandikie mratibu peke yake, yeye ameshahamia kazi nyingine. Angalia tovuti yao, kuna barua pepe ya malalamiko au ya kulinda jamii, mashirika mengi ya Ulaya wanalazimika kuwa nayo, waandikie huko, nakala makao makuu, nakala afisa maendeleo ya jamii. Andika Kiswahili kizuri na Kiingereza chini. Usitukane, usilie, taja vitu vinne, saini ya benki, karatasi ya maabara, posho ya miezi mitano, barua ya kazi. Weka tarehe ya kujibiwa.

La pili, pampu haiwezi kubaki chini ya kamati ya shirika. Toka 2019 maji vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na kijiji kinaendesha kupitia chombo cha watumia maji kilichosajiliwa, CBWSO. Kama mradi wenu haukukabidhiwa huko kwa maandishi basi kisheria hiyo pampu iko hewani. Nendeni ofisi ya RUWASA wilaya na mwenyekiti wenu, ombeni iingizwe, ndo mtapata na fundi na mtu wa kuwapimia maji ya bondeni upya.

Nasema haya kwa sababu 2025 misaada mingi ya Marekani ilipokatwa ghafla, nimeona huku vijiji viwili jirani, kimoja kilikuwa na chombo kilichosajiliwa na kingine kilikuwa na kamati ya mradi tu. Cha kwanza walikaa kikao wakapandisha bei ya ndoo wakaendelea. Cha pili mpini wa pampu umeshang'olewa.

Binti_wa_Ikungi

Wadau nimerudi. Samahani nimekaa kimya wiki tatu, huku mtandao na mimi mwenyewe tulikuwa mbali.

Nimeandika barua kama alivyosema afisa, vitu vinne, nikaipeleka ile barua pepe ya malalamiko. Siku ya sita wamejibu, sio mratibu, ni mama mmoja wa makao makuu, ameomba msamaha kwa maandishi na kutuma barua ya kumtoa mratibu kwenye saini na karatasi ya maabara. Floraidi imesoma miligramu 4.2 kwa lita. Fundi nadhani unaelewa nilivyojisikia. Posho wanasema wanalijadili, Wakili nimehesabu siku, zimebaki chache, fomu namba 1 nimeshaichukua naijaza Ijumaa hii hata kama wanajadili.

Mkutano mkuu ulikaa Jumamosi. Mama Afya nilitetemeka hivyohivyo ulivyosema. Nilisimama nikasema kwa Kinyaturu maneno ya siku ile yalikuwa ya mgeni, nikasoma majina yote 186 kwenye kauntabuku moja moja, na kila aliyesomwa alisema ndiyo. Ilichukua karibu saa mbili na hakuna aliyeondoka. Halafu nikasoma ile 4.2 na maana yake, na nikamwomba yule bibi asimame. Hakusema kitu, alimshika tu mjukuu wake mkono. Kamati mpya ya kuchagua sehemu ya kuchimba yumo, amepigiwa makofi.

Fundi nimepata kijana wa Ikungi mjini anayejua Afridev, ameangalia anasema ni bobini kweli, anataka elfu arobaini na vipuri juu. Jumatatu naenda benki na mtendaji na mweka hazina, muhtasari umeshagongwa muhuri, kauntabuku nimelifunga kwenye khanga ya mama. Nikirudi nitawaambia pampu imeamkaje.